Mzigo wa Kutoka: Taka na Vifaa Vinavyobaki Mapangoni

Mwaka 1891 Édouard-Alfred Martel, mwanasheria wa Paris aliyeyafanya mapango kuwa kazi ya maisha yake, alikunywa maji ya chemchemi ya Berrie, kusini-magharibi mwa Ufaransa, akaugua vibaya. Chanzo hakikuwa mbali. Juu ya uwanda, katika shimo ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameshuka, kulikuwa na mzoga wa ndama uliotupwa na wenyeji. Mvua iliosha mzoga ule, maji yakazama kwenye nyufa za mawe ya chokaa, yakatokea chini kwenye chemchemi yakiwa maangavu kabisa. Watu wa eneo lile walikuwa wakitupa mizoga mashimoni kwa vizazi, na kwa vizazi hivyo hivyo walioishi bondeni wakichota na kunywa. Martel alilipigania jambo hilo kwa miaka kumi, mpaka sheria ya afya ya umma ya tarehe 15 Februari 1902 ikapiga marufuku kutupa mizoga na vitu vinavyooza kwenye mashimo ya namna ile kote Ufaransa.

Tangu siku hizo, habari ya taka za mapangoni imekuwa ikielezwa kama habari ya watu wasiojua: mwanakijiji na mzoga wake, mtalii na chupa yake, vijana na rangi yao ya kupulizia ukutani. Hao wapo, na madhara yao ni ya kweli. Lakini ukishuka kwenye mapango marefu ya dunia, kule ambako mtalii hafiki wala kijana mwenye rangi hafiki, bado utakuta kamba, makopo, betri, magodoro ya kambi, nyaya za simu na mabaki ya taa. Vyote hivyo vimeachwa na watu wenye ujuzi mkubwa, wanaoyapenda mapango kuliko mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo swali linapokuwa gumu, maana huwezi kumhubiria mtu juu ya jambo ambalo yeye ndiye bingwa wake. Ninavyoona mimi, kifaa huachwa pangoni kwa sababu safari ilipangiwa nguvu za kuingia, na hakuna aliyeipangia nguvu za kutoka. Karibu kila mfano utakaofuata unarudi hapo.

Kwanza tuelewe pango linakifanyia nini kitu kilichoachwa ndani yake. Mapango mengi makubwa yamechongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa. Mvua huchukua hewa ya ukaa angani na kwenye udongo, ikawa asidi hafifu, ikalila jiwe polepole mpaka ufa ukawa mfereji na mfereji ukawa ukumbi. Maji yanayopita kwenye mchanga huchujwa njiani, lakini haya hupita kwenye mifereji iliyo wazi, na yanaweza kusafiri kilomita kadhaa kwa saa au siku chache yakiwa na kila yalichokikuta. Ndani zaidi, mbali na mlango, hakuna jua, upepo ni mdogo, na joto hubaki karibu lile lile mwaka mzima. Nguvu zote zinazolivunjavunja gazeti lililotupwa porini, yaani mwanga, joto na baridi, upepo, mizizi, mchwa, huko hazipo au ni dhaifu mno. Pale palipo pakavu, karatasi na kitambaa hudumu kwa karne nyingi. Pale palipo na unyevu, vitu vinavyooza huota ukungu na kuwa karamu.

Neno karamu nalisema kwa uzito wake. Viumbe wa gizani wameumbika kwa njaa. Wanaishi kwa majani machache yaliyoletwa na mafuriko, kwa mavi ya popo, kwa vumbi la chakula lililoshuka na matone ya maji. Katika pango la Krubera, kwenye milima ya Arabika huko Abkhazia, watafiti walimkuta mdudu mdogo asiye na mabawa wala macho kwenye kina cha mita 1,980. Alielezwa kisayansi mwaka 2012 kwa jina la Plutomurus ortobalaganensis. Kiumbe anayeishi karibu kilomita mbili chini ya mlango wa pango lake hana mazoea ya mkate. Ukimmwagia mabaki ya kambi, wanaofaidika ni ukungu na bakteria kutoka juu, ambao huzaliana upesi na kumsonga mwenye nyumba.

Sasa twende kwenye vifaa. Gouffre Berger ni pango lililo kwenye uwanda wa Sornin, karibu na Grenoble. Liligunduliwa Mei 1953, na mwaka 1956 likawa la kwanza duniani ambamo watu waliteremka zaidi ya mita 1,000. Wakati huo mashimo yalishukwa kwa ngazi nyembamba za waya. Kila shimo lilidai ngazi yake na kamba yake ya usalama, magunia yalibebwa na makundi makubwa ya watu, na kambi zilipigwa ndani kwa siku nyingi. Rekodi ilipovunjwa, klabu za nchi nyingine nazo zikataka kufika chini ya Berger. Kwa miongo kadhaa timu zilipishana humo, zikilala kwenye maeneo yale yale yaliyo tambarare, hasa kwenye kumbi zilizo kama mita 500 chini. Huko kukalundikana makopo, plastiki, nguo zilizooza na chokaa ya taa. Vizazi vya baadaye vimekwenda tena na tena na magunia matupu ili kuvitoa, na kazi hiyo imekuwa kubwa kuliko ilivyokuwa kuviingiza.

Kwa nini wale watu hodari waliviacha? Fikiria hali yenyewe. Kushuka, uzito wa dunia unakusaidia: gunia linaning'inia chini yako na kamba inapita kwenye kifaa cha breki. Una nguvu mpya, chakula kingi, na hamu ya kuona ng'ambo ya kona. Kupanda, kila mita unainunua kwa misuli. Timu ya mwisho kutoka ndiyo yenye kazi ya kufungua kamba zote zilizofungwa na timu zilizotangulia, na kamba hizo sasa zimelowa na kujaa tope, kwa hiyo ni nzito kuliko siku zilipoingia. Watu hawa wa mwisho ndio waliokwenda mbali zaidi, waliolala kidogo zaidi, na mara nyingi ndio wachache zaidi, kwa kuwa wengine likizo imekwisha. Tena juu yao mvua inaweza kunyesha wakati wowote. Berger lenyewe limeua watu kadhaa kwa mafuriko. Mtu aliyechoka namna hiyo, mita 800 chini, akiwa na magunia mawili na baridi ya maji ya theluji, anatazama gunia la tatu. Kisha husemwa sentensi ambayo imejaza mapango mengi vifaa: tuliache hapa, tutarudi nalo mwakani.

Simlaumu msemaji wa sentensi hiyo kwa wakati ule. Amefanya hesabu sahihi ya uhai wake. Kosa lilifanyika miezi mingi kabla, mezani, pale orodha ya watu na magunia ilipoandikwa kana kwamba safari inaishia chini. Na mwakani hutokea mambo. Klabu inavunjika, kiongozi anapata mtoto au kazi nchi nyingine, mlango unazibwa na theluji, pango jipya linagunduliwa mlima wa pili na macho yote yanahamia huko.

Hesabu ya taa inaonyesha jambo hili vizuri kuliko yote. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wachunguzi wa mapango waliwasha taa za kabaidi, ile ile ambayo mafundi wa kuchomea vyuma huitumia kupata gesi na ambayo baadhi ya wachuuzi kwetu huivumbika pamoja na maembe ili yaive haraka. Maji yakidondokea kabaidi hutoa gesi ya asetilini, nayo huwaka kwa mwali mweupe mzuri. Kinachobaki ni uji wa chokaa. Kemia yake haina huruma: gramu 64 za kabaidi safi huacha gramu 74 za chokaa kavu, na hapo bado hujahesabu maji yaliyonywewa na uji wenyewe. Chakula hupungua uzito kinapoliwa. Taa hii iliongeza mzigo kadiri ilivyotumika. Mtu alitakiwa atoke na uzito mkubwa kuliko aliokuja nao, wa kitu kisichomfaa tena kwa lolote, kinachounguza ngozi. Wengi waliumwaga kando ya njia au kuufukia chini ya mawe, na vichuguu vyeupe vya chokaa hiyo vipo mapangoni hadi leo, ni sumu kwa wadudu wadogo na doa kwenye mwamba. Taa za elektroniki zimeifuta kabaidi karibu kabisa tangu miaka ya 2000, na katika mambo yote yaliyopunguza taka za mapangoni sidhani kama kuna lililofanya kazi kubwa zaidi. Tabia za watu hazikubadilika sana. Mzigo ndio ulibadilika.

Kati ya vitu vyote vinavyoachwa, ninachokiogopa zaidi ni kamba. Kopo linachukiza, lakini halimdanganyi mtu. Kamba iliyofungwa vizuri juu ya shimo inasema: pita hapa, wenzako wamepita. Anayeifikia miaka sita baadaye hajui iliwekwa lini, imepigwa na mafuriko mangapi, imesuguliwa na ncha gani ya jiwe pale asipoona. Watengenezaji wengi huelekeza kwamba kamba ya nailoni isitumike zaidi ya miaka kumi hata kama haijawahi kutumika, na hiyo ni kamba iliyotunzwa kabatini. Boliti za chuma cha kawaida hupata kutu ndani ya mwamba, na kichwa chake kinaweza kuonekana kizima hali shina limeliwa. Kwa wapiga mbizi wa mapango yaliyojaa maji hatari ni kubwa zaidi. Uzi mwembamba wa kuongozea njia ndio uhai wao pale tope linapotibuka na mkono hauonekani. Kipande cha uzi wa zamani uliokatika humpeleka mtu kusikokuwa na mlango, au humfunga miguu. Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni ya haki: kamba zilizoachwa makusudi kwenye mapango yanayochunguzwa kila mwaka hupunguza mizigo na uchovu, na uchovu huua. Naikubali, kwa sharti moja: kamba iwe na lebo ya mwaka na jina la klabu, na klabu hiyo iwe hai. Kamba isiyo na mwenyewe ni mtego.

Mafuriko nayo hayangoji mipango. Veryovkina, jirani wa Krubera, ndilo pango refu zaidi kwenda chini linalojulikana, likiwa na zaidi ya mita 2,200. Septemba 2018 timu iliyokuwa imepiga kambi karibu na sakafu yake ilisikia maji yakija na ikakimbilia juu huku maji yakipanda nyuma yao, ikaacha kambi na vifaa. Hakuna mwenye akili anayeweza kuwadai watu wale godoro. Lakini mtu anaweza kuuliza, na wapangaji wa safari wanapaswa kujiuliza, kambi ipigwe mita ngapi juu ya alama za mafuriko, na ni vitu vingapi vinahitaji kweli kulala pale chini.

Upo mfano wa watu waliolichukua jambo hili kwa umakini wa hali ya juu, na mfano huo unafundisha pia kwamba umakini una mipaka. Pango la Lechuguilla, ndani ya hifadhi ya Carlsbad Caverns huko New Mexico, lilifunguliwa mwaka 1986 baada ya wachimbaji kuondoa kifusi kilichoziba njia. Leo limepimwa zaidi ya kilomita 240. Halijawahi kufunguliwa kwa watalii. Wanaoingia ni watafiti na wapimaji wenye kibali. Njia zimewekewa utepe, na mtu haruhusiwi kukanyaga nje yake. Penye mwamba safi viatu vya tope huvuliwa. Mlaji hula juu ya mfuko ili hata chembe za biskuti zirudi mfukoni, na kinyesi cha siku zote za kambi hufungwa na kubebwa mpaka juu. Sababu si usafi wa macho tu. Humo wamepatikana bakteria waliotengana na uso wa dunia kwa mamilioni ya miaka, na baadhi yao wana uwezo wa kuhimili dawa nyingi za antibiotiki ambazo hawajawahi kukutana nazo. Ni hazina ya elimu ambayo kohozi moja linaweza kuivuruga.

Pamoja na yote hayo, wanasayansi walipopima maji ya madimbwi ambayo kambi ziliyategemea kwa kunywa, walikuta bakteria wa matumbo ya binadamu. Mahali pamoja mshukiwa mkubwa alikuwa mrija wa plastiki uliotumbukizwa dimbwini ili watu wachote bila kuligusa. Uliwekwa kwa nia njema kabisa, kusudi mikono michafu isiingie majini. Ulipobaki humo, juu yake ukaota utando wa vijidudu, ukawa makazi mazuri kuliko jiwe tupu. Kisa hiki nakirejea kila ninaposikia mtu akisema kwamba kifaa fulani kimeachwa kwa faida ya pango. Pengine ni kweli siku ya kwanza. Swali ni nani atakwenda kukitazama siku ya elfu.

Kisha kuna uokoaji, ambao ndio unaoingiza vifaa vingi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Juni 2014 mchunguzi mmoja aliangukiwa na jiwe kama mita 1,000 chini katika pango la Riesending, Ujerumani. Zaidi ya watu 700 kutoka nchi tano walishiriki kumtoa, kazi iliyochukua zaidi ya wiki moja na nusu, na njia nzima ikalazimika kuwekewa kamba, boliti, vituo vya kulala na mawasiliano. Miaka minne baadaye dunia nzima ilikesha ikitazama pango la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand, ambako watoto 12 na kocha wao walinaswa na maji kuanzia tarehe 23 Juni 2018. Mitungi ya hewa kwa mamia, pampu, mipira ya maji, nyaya, taa na vyakula viliingizwa. Saman Kunan, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa majini, alikufa akitoka kupanga mitungi hiyo. Usiku wa tarehe 10 Julai, mara tu wa mwisho walipokuwa wakitoka, pampu kubwa iliharibika, maji yakapanda, na waliokuwa ndani wakakimbia. Vifaa vingi vikabaki nyuma ya maji, na mvua za msimu zikaufunga mlango.

Hapo sina neno ila heshima. Lakini baada ya heshima huja mwezi wa pili, wakati kamera zimeondoka. Fedha za dharura hufunguka kwa ajili ya mtu, na hufungwa mtu anapotoka. Wajitolea waliochukua likizo bila malipo hawana likizo nyingine. Kuondoa vifaa vile ni kazi ya hatari karibu sawa na ile ya kwanza, bila mtoto wa kuokoa na bila mtu wa kupiga makofi. Naamini mamlaka inayosimamia uokoaji inapaswa kuandika safari ya kutoa vifaa ndani ya bajeti ile ile ya uokoaji, iwe na tarehe na mkuu wake, kabla faili halijafungwa. Gari la zimamoto halirudi kituoni likaacha mipira barabarani.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila kitu kilichoachwa pangoni ni taka. Sivyo, na Waafrika Mashariki tuna sababu ya kulijua hilo kuliko wengi. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walifukua kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, la zamani zaidi kujulikana barani Afrika. Walimpa jina la Mtoto, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 2021. Tabaka za pango hilo zina shanga za kombe, zana za mawe na mabaki ya chakula, yaani vitu ambavyo watu waliviangusha, walivivunja au hawakuvihitaji tena. Kuumbi, huko Jambiani, Unguja, lina kumbukumbu ya watu tangu enzi ambazo kisiwa kilikuwa bado kimeungana na bara. Katika Mammoth Cave, Kentucky, vimekutwa viatu vya kusuka na vibuyu vya wenyeji wa kale, na humo humo mapipa ya waliochenjua chumvi ya baruti mwanzoni mwa karne ya 19. Majina yaliyoandikwa darini kwa moshi wa mshumaa, likiwemo la Stephen Bishop, mtumwa aliyekuwa mwongoza njia na mchora ramani mashuhuri wa pango hilo, leo yanalindwa. Anayeandika la kwake pembeni leo anashtakiwa.

Mstari kati ya taka na urithi upo wapi basi? Baadhi ya nchi huuweka kwa miaka, hamsini au mia, na nadhani miaka ni kipimo cha kivivu ingawa hakuna kingine kilicho rahisi kukisimamia. Ngazi ya waya ya mwaka 1956 iliyoning'inia Berger ina habari ya kusimulia, na makopo matatu ya kambi ile yanaweza kusimulia pia. Lundo la makopo elfu ya timu zisizojulikana halisimulii kitu ambacho kumi yasingelisimulia. Wanaakiolojia wenyewe, baada ya kuchimba, hutandaza plastiki chini ya shimo lao kabla ya kufukia ili atakayekuja ajue walifika wapi. Ni plastiki iliyoachwa kwa makusudi, yenye maandishi na ramani inayoeleza ipo wapi, na hiyo ndiyo tofauti.

Mizimu inataka mazungumzo ya namna nyingine. Pwani yote, kuanzia kaya za Wamijikenda hadi Amboni huko Tanga na mapango ya mawe ya matumbawe ya Unguja na Pemba, kuna mapango ambamo watu huenda kuomba. Ukiingia penye mzimu utakuta chetezo cha udongo chenye majivu ya ubani, vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi vimefungwa kwenye miamba au mizizi, sarafu, vifuu, sahani ya chakula, chupa ya marashi. Panga ya Saidi na Kuumbi yenyewe, pamoja na umaarufu wake kwa wanasayansi, hayajaacha kuwa mahali pa ibada. Mgeni mwenye bidii ya usafi anaweza kuzoa vyote hivyo kwenye mfuko na kuondoka akijisifu, na atakuwa amevunja nyumba ya mtu. Vitu vile havikuachwa kwa uchovu wala kwa uzembe. Vimekabidhiwa.

Hata hivyo sadaka imebadilika umbo. Chungu, nafaka na pamba vilirudi udongoni, au vilikaa bila kudhuru. Marashi siku hizi yanakuja kwenye plastiki, ubani kwenye pakiti ya nailoni, kitambaa ni cha nyuzi za kiwandani, na mshumaa umo ndani ya kikombe cha bati. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini sheria hizo hazigusi chupa ya marashi. Mwenye haki ya kusema nini kitoke ni mzee anayeutunza mzimu. Nina hakika wengi wao, wakiulizwa kwa adabu, watakubali marashi yamiminwe na chupa irudi na mwenyewe, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kuona madimbwi yakichafuka. Aulizwe, asiamriwe. Mwongoza watalii naye asikilize, kwa sababu chupa za maji za wageni zilizo karibu na sadaka hazikuletwa na mwenye mzimu.

Na maji hayo ni ya nani? Kisa cha Martel kinatuhusu hapa moja kwa moja. Unguja inategemea karibu kabisa maji ya ardhini, na sehemu kubwa ya ardhi yenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu. Mashimo mengi yaliyo karibu na makazi hugeuzwa majalala, kwa kuwa ni rahisi kuamini kwamba kilichotumbukia kimekwisha. Huko Kenya, mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu huzama kwenye miamba ya volkano, yenye mapango marefu ya zaha, ikatokea Mzima Springs, na kutoka hapo bomba lililojengwa miaka ya 1950 huipeleka Mombasa. Mtu wa Mombasa anayefungua mfereji anakunywa kilichopita kwenye vilima ambavyo pengine hatavipanda kamwe.

Anayedhani kwamba pango likishachafuliwa ndiyo basi, na atazame Hidden River Cave, katika mji wa Horse Cave, Kentucky. Lilikuwa kivutio cha watalii tangu 1916. Maji machafu ya mji na ya viwanda, kikiwemo cha maziwa na baadaye cha kupaka vyuma madini, yalielekezwa kwenye mashimo, nayo yakaingia mtoni ndani ya pango. Mwaka 1943 lilifungwa kwa uvundo. Mji mzima ulinuka kwa miongo, mlango wa pango ukiwa katikati ya barabara kuu. Mtambo mpya wa kusafisha majitaka ulianza kazi mwaka 1989, mto ukaanza kujisafisha, na mwaka 1993 pango likafunguliwa tena. Samaki vipofu wa gizani wamerudi kwenye sehemu zilizokuwa zimekufa. Ilichukua karibu nusu karne, na kilicholeta mabadiliko ni bomba na mtambo uliolipiwa.

Kwa sababu hiyo sina imani kubwa na mabango yanayomtaka mgeni aache nyayo tu. Nina imani zaidi na kibali kinachoorodhesha kila kamba na kila mtungi unaoingia, kikiwa na amana isiyorudishwa mpaka orodha ilingane mlangoni. Nina imani na mfadhili anayekubali kulipia safari ya mwisho, ile isiyo na rekodi wala picha. Nina imani na wajitolea kama wa Italia, ambao tangu 2005 wana kampeni ya kila mwaka ya kutoa taka mapangoni na kuziorodhesha. Serikali zetu zinazotoza kiingilio Amboni na kwingineko zinaweza kuanza na kidogo: sehemu ya kiingilio itengwe kwa ajili ya kutoa, na iandikwe hivyo kwenye hesabu.

Usafishaji wenyewe nao una adabu zake. Ubao wa zamani uliooza unaweza kuwa nyumba ya wadudu wasiopatikana penginepo, kwa hiyo mtu alale chini na tochi autazame kabla ya kuunyanyua. Chupa iliyozama kwenye tope inaweza kuwa imelalia kigae au mfupa, na hapo kazi isimame mpaka aitwe mwenye elimu hiyo. Pango la popo lisiguswe msimu wa kuzaa, wakati majike wamening'inia na watoto. Nguo, kamba na magunia vifuliwe kabla ya kuhamia pango jingine: ukungu ulioua mamilioni ya popo Amerika Kaskazini tangu ulipoonekana New York mwaka 2006 unaweza kusafiri kwenye tope la buti. Betri zitengwe na makopo. Na kila gunia lipimwe mlangoni, kilo zake ziandikwe pamoja na idadi ya watu waliolibeba na saa walizotumia, kwa maana mpangaji wa safari ijayo atahitaji namba hizo ili ajue kutoka kunadai watu wangapi.